Firimbi ya Posho

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliingia Eldoret kwa miguu, bila viatu, na shati moja mgongoni, wakati wazee bado wanaiita Sisibo, na leo nina duka langu la kutengeneza baiskeli, mafundi wawili chini yangu, na mke anayevaa viatu hata siku ya kazi. Shule nilikaa miaka miwili, na mmoja kati ya hiyo nilikuwa nikichunga mbuzi wa mwalimu. Nimeona nzige wakifunika jua mchana. Nimeona Mzungu mwenye bunduki akilia machozi kwa sababu ya farasi. Mtu akiniambia, "Utashangaa," mimi humcheka hapo hapo.

Lakini ninyi marafiki zangu mnaniuliza kila siku, na sitaki kueleza mtu mmoja mmoja kama mwenye kuuza dawa. Niliwaambia mje uwanjani Jumapili ile mnione nikishika firimbi ya fainali. Mlikuja, wengine na wake zenu, na mtu mliyemwona katikati ya uwanja ni Mwalimu Festo. Nasikia mmoja wenu alisema nimefungwa. Mwingine alisema nimetoroka. Sasa kaeni mkisomewa, na asiyejua kusoma aulize jirani.

Eldoret: Kazi niliyopewa

Mnajua miaka sita nimekuwa refarii katika mji huu, na mnajua ni mechi gani napewa. Wapishi na madobi: mimi. Kinu cha unga na kiwanda cha ngozi, siku ya mvua: mimi. Kuna siku nilipewa gemu ambayo mpira ulipasuka dakika ya kumi, wakaujaza majani, tukaendelea, na nikaimaliza bila mtu kuumia. Nani mwingine angeimaliza? Lakini ikifika fainali, yenye bendi na viti vya Wazungu, anaitwa Festo, kwa sababu Festo anasoma kitabu cha sheria kwa Kiingereza. Mimi kitabu hicho sikukisoma, nilisomewa, na yote niliyosomewa ninayo kichwani mpaka leo.

Miaka hiyo sita nilikuwa nikirudi nyumbani na mechi yangu mbaya, nakula kimya, halafu nachukua baiskeli iliyopinda zaidi dukani naipigia nyundo mpaka moyo unatulia. Ndivyo nilivyozoea. Wateja wangu walifaidika sana.

Basi Zakayo, ambaye ni katibu wa kamati ya mpira, akaniita. Nikajua ni fainali. Nikavaa koti.

"Fundi," akasema, "wewe utaenda Ainabkoi."

"Ainabkoi kuna uwanja?"

"Kuna nyasi."

Akanieleza. Huko mbele ya Ainabkoi, karibu na Burnt Forest, kuna mashamba mawili ya Wazungu yanayopakana. Mmoja wafanyakazi wake wanamwita Miwani, mwingine Ndevu. Wafanyakazi wa Miwani na wafanyakazi wa Ndevu wanacheza mpira kila mwaka, na miaka miwili sasa hawajakubaliana nani ameshinda. Refarii wa kwanza alirudi bila kofia. Wa pili alirudi na kofia lakini hakutaka kusema habari zake.

"Mnanitupa," nikamwambia.

"Nakupima. Mechi ni Jumamosi. Niletee karatasi yenye dole gumba la makapteni wote wawili, bila malalamiko, kabla ya saa nane mchana Jumapili, na fainali ni yako. Usipofika kabla ya saa hiyo, Festo yupo."

Sasa mnajua nilichokuwa nikitafuta. Karatasi moja, madole mawili, halafu fainali. Nilitoka pale nikawatangazia ninyi wote kabla sijafika dukani. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na si kubwa.

Treni mpaka Ainabkoi

Habari za pasi na tiketi naziruka, kila mtu anazijua taabu zake. Alhamisi asubuhi nilikuwa ndani ya treni, behewa la daraja la tatu, nimevaa koti langu jeusi la urefarii na shati jeupe la kola ya kusimama, kwa maana koti likikunjwa ndani ya mfuko linatoka kama kitambaa cha kupangusia.

Tulifika Plateau tukasimama. Treni ya magogo ilikuwa inashuka kutoka juu na lazima ipite kwanza. Tukangoja. Tukangoja mpaka watu wakashuka, wakawasha moto, wakachoma mahindi, wakala, wakauzima.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo na kuku mwekundu mapajani. Alikuwa akinitazama tangu Eldoret. Sasa treni ilipokufa kabisa, akajikaza.

"Baba Padri," akasema, "naomba uniombee huyu kuku."

"Mama, mimi si padri."

"Ndiyo, najua ninyi hamupendi kujisifu."

Mimi! Watu wote wa Eldoret wangesikia hapo wangeanguka. Nikamwambia, "Mama, mimi ni refarii."

"Wa kanisa gani?"

"Wa mpira."

Akafikiri. "Hiyo ndiyo ile ya Waamerika?"

Behewa zima likacheka, na mzee mmoja karibu na dirisha akamwambia, "Mama, refarii ni yule mtu anayekimbia na wachezaji na hachezi." Mama akasema hata Yohana Mbatizaji watu hawakumwelewa. Kumbe kuku yule alikuwa wa binti yake huko Kipkabus, aliyejifungua juzi baada ya kupoteza watoto wawili, na mama hakutaka afike mikono mitupu wala afike na kuku asiyeombewa. Aliponiambia hivyo, mchezo ulitoka moyoni mwangu. Niliweka mkono juu ya kuku nikaomba. Niliomba kwa Kiluhya kwa sababu ndicho Mungu alichonisikia nacho nikiwa mtoto. Mzee wa dirishani akavua kofia. Tulipomaliza mama akafungua kikapu akanipa viazi vitamu vitatu, bado vina joto ndani ya majani ya ndizi, na sijui kama nimewahi kula chakula kitamu namna ile ndani ya gari lisilotembea.

Alishuka Kipkabus akasema, "Asante, Padri." Sikumrekebisha tena. Namshukuru mpaka leo, maana bila viazi vyake ningefika Ainabkoi na hasira tu tumboni.

Gari la maksai

Nilifika jioni. Usiku huo nililala kwa mlinzi wa stesheni. Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imenyesha mpaka barabara imekuwa uji. Lori lililosemwa litanichukua halikuja. Aliyekuja ni Mzee Arap Lelei na gari la maksai kumi na sita, amebeba magunia ya mbegu za shamba la Miwani. Mzee mrefu, mkavu, na blanketi begani. Akanitazama koti, akanitazama viatu.

"Panda," akasema. "Tukikwama utashuka."

Tulikwama mara nne. Mara ya tatu magurudumu yalizama mpaka kwenye ekseli, kwenye kijito, na mzee alisimama akiita maksai mmoja mmoja kwa jina lake, taratibu, kama mtu anayeita watoto kula. Wa mbele kabisa alikuwa dume jeusi lenye kengele shingoni, jina lake Sitima. Mimi nilisukuma nyuma. Mnajua nguvu zangu. Nilisukuma mpaka matope yakaingia mdomoni, na gari likatoka. Mzee anasema ni Sitima aliyelitoa. Sikubishana naye kwa sababu ya umri wake.

Tukapumzika. Akatoa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala ndani ya mkaa wa mti, na ugali baridi wa jana. Kama hujanywa mursik ukiwa na matope masikioni, hujanywa mursik.

"Kazi yako ni nini?" akaniuliza.

"Refarii."

"Nimesikia. Lakini unafanya nini?"

Nikamweleza.

"Unakimbia nyuma ya mpira."

"Ndiyo, Mzee."

"Na huupigi."

"Hapana."

"Wanakulipa ngapi?"

"Shilingi mbili."

"Na wanakutukana?"

"Sana."

Akafunga kibuyu chake polepole. "Huyu Sitima," akasema, "nikimpa kazi hiyo atalala chini."

Tulicheka mpaka maksai wakageuka. Nilikuwa nimebeba uchungu wa kutupwa Ainabkoi tangu siku Zakayo aliponiita, na mzee yule aliupunguza kwa maneno saba. Hakutaka malipo. Alisema mtu aliyesukuma si abiria.

Kwa Miwani: Jumamosi

Nyapara wa Miwani anaitwa Barasa, mtu wa kwetu, sauti kubwa na moyo mkubwa. Mke wake alinipikia ugali na mboga ya mrenda na samaki mkavu aliyetoka nyumbani, akanikausha koti juu ya moto mpaka likanuka kama nyama ya kubanikwa. Barasa akaniambia mambo yote ya shamba, na jambo moja aliniambia nikalisikia kwa sikio moja tu. Alisema hivi: kwa Ndevu watu huitwa kazini kwa kipande cha reli kilichoning'inizwa, kinagongwa kwa nyundo. Lakini kwa Miwani kila kitu ni firimbi. Firimbi ya kuamka, firimbi ya kukamua, na Jumamosi mchana firimbi ya posho, ndiyo ule mgao wa unga wa wiki nzima.

"Mtu wa hapa akisikia firimbi," akasema Barasa, "hata akiwa ndotoni anasimama."

"Vizuri," nikasema. "Watanirahisishia kazi."

Asubuhi ya Jumamosi nikaziita timu zote mbili kwenye nyasi nyuma ya zizi la kukamulia. Nilijua marefarii wawili waliopita walishindwa wapi: hawakuwafundisha. Mimi niliwafundisha. Nikatoa firimbi yangu, nikaishika juu.

"Mnaiona? Hii ndiyo serikali ya leo. Ukisikia firimbi, simama! Usiulize nani amepiga, usiulize kwa nini. Mpira uko mguuni, uache. Uko mkononi, uweke chini. Simama kama mlingoti!"

Nikawajaribu. Wakimbie, napiga, wasimame. Wa Ndevu walichelewa chelewa. Wa Miwani walisimama mara moja, na aliyesimama vizuri kuliko wote ni golikipa wao, ambaye ndiye kapteni, kijana mkamuaji jina lake Kibet, mikono ubavuni, kidevu juu. Nikamshika bega mbele ya wote. "Huyu," nikasema, "mwigeni huyu."

Mechi ilianza saa nane. Watu wengi sana, wanawake wamekaa upande mmoja na madebe na mifuko yao mitupu, sikujiuliza kwa nini. Na niwaambie ukweli, sijawahi kuchezesha vizuri namna ile. Ndevu walikuwa na kapteni wao Wafula, dereva wa trekta, mtu wa kifua kipana, anayepiga mpira kama ana ugomvi nao. Alifunga la kwanza. Miwani wakarudisha. Sare, moja kwa moja. Hakuna tusi, hakuna jiwe. Nikaanza kuiona fainali mbele ya macho yangu.

Zilikuwa zimebaki dakika nane. Wafula akapiga shuti, Kibet akaruka, akaudaka kifuani, safi kabisa. Wakati huo huo, kutoka stoo, juu ya kilima, firimbi ikalia. Ndefu. Mtunza stoo, mtu ambaye hajali mpira, alikuwa ameona saa yake imefika.

Wanawake wakainuka wote pamoja wakakimbilia kilimani na madebe yao. Mabeki wa Miwani wakasimama. Na Kibet, yule niliyemsifu, akauweka mpira chini taratibu kwenye mstari mbele ya miguu yake, akasimama kama mlingoti, mikono ubavuni, kidevu juu.

Wafula alimwendea akapitisha mpira pembeni yake ukaingia golini.

Nilikuwa na nukta moja ya kufikiri. Nikajiambia: firimbi yangu iko mkononi, haijalia. Refarii ni mmoja. Nikanyoosha mkono kuelekea katikati ya uwanja. Goli.

Watu wa Ndevu walirusha kofia. Watu wa Miwani walinitazama tu. Mechi ikaisha mbili kwa moja.

Stoo: Karatasi

Tulikwenda stoo, kwa maana huko ndiko kulikuwa na meza na wino. Watu wa posho wamepanga foleni, unga unapimwa, na mimi pembeni na karatasi yangu. Wafula akaweka dole gumba akicheka. Nikamgeukia Kibet nikiwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno tayari ya kumjibu akibisha, maneno makali.

Hakubisha. Akachovya dole kwenye wino.

"Huna malalamiko?" nikamuuliza, maana lazima niulize.

"Hapana, Mzee. Refarii amesema." Dole lake lilikuwa juu ya karatasi, upana wa jani tu. "Lakini nifundishe, ili mwaka ujao nisikosee tena. Ni firimbi gani nisiitii?"

Hakuuliza kwa kejeli. Ningependa angeuliza kwa kejeli. Aliuliza kama vile wanangu wanavyoniuliza gurudumu linafungwa upande gani kwanza.

Mimi nina jibu la kila mtu, mnanijua. Nilifungua mdomo, na lililokuwa ndani yake ni maneno yangu mwenyewe ya asubuhi: usiulize nani amepiga. Ni mimi niliyemwambia. Ni mimi niliyemshika bega. Yule kijana alifungwa goli kwa sababu alikuwa mtu pekee katika uwanja ule aliyenisikiliza mpaka mwisho.

Karatasi ilikuwa safi. Madole mawili, bila malalamiko, treni ya asubuhi, fainali. Hakuna mtu hata mmoja angejua, na ninyi mngenipigia makofi kesho yake.

Nikaivuta karatasi kutoka chini ya dole lake. Tone la wino likaanguka mezani.

"Lile si goli," nikasema.

Wafula hakusikia vizuri. "Nini?"

"Si goli. Nilikosea mimi. Mechi itarudiwa kesho."

Lo! Hapo ndipo nilipojua kwa nini refarii wa kwanza alirudi bila kofia.

"Wewe ni refarii au ni muuza kuku?" Wafula akapiga kelele. "Mchana bei hii, jioni bei ile!"

"Nilikosea."

"Refarii hakosei!"

"Huyu amekosea. Mtazame."

"Umekula ugali wa Barasa, ndiyo maana!"

"Nimekula, na ulikuwa mtamu. Lakini wewe Wafula, niambie mbele ya watu hawa: ulimpita Kibet, au ulipita mtu aliyesimama?"

Foleni ya posho yote ilikuwa imegeuka inatusikiliza. Mwanamke mmoja mwenye debe akasema, "Hata mimi mwenyewe ningefunga lile." Watu wakacheka, hata wa Ndevu, na Wafula mwenyewe akashindwa kuzuia mdomo. Lakini bado alikuwa na neno.

"Sawa. Sisi tutembee maili tano kwenda, maili tano kurudi, siku yetu ya kupumzika, kwa kosa lako wewe. Tutakula nini? Posho yetu iko kwa Ndevu."

"Nitawalisha," nikasema.

"Watu kumi na mmoja?"

"Na hawa pia. Wote."

Mdomo wangu huo. Lakini mara hii siujutii.

Jumapili: Kengele ya Sitima

Treni ilipita Ainabkoi asubuhi ya Jumapili nikiwa kwenye maombi kwa Barasa, tunaimba. Niliisikia kwa mbali ikipiga honi. Nitawadanganya nikisema moyo haukuuma. Uliuma mpaka ubeti wa tatu.

Baada ya maombi tulichinja kondoo, tukachemsha viazi vya huko juu, vile vya unga vinavyopasuka vyenyewe ndani ya sufuria, na timu zote mbili zikala pamoja. Barasa anasema hajawahi kuona hivyo. Wafula alikuwa akimchagulia Kibet nyama. "Kula, kijana, leo usisimame tena."

Likabaki swali la firimbi. Jioni kuna firimbi ya kukamua, na Kibet akasema wazi, "Mzee, masikio yetu hayajui tofauti." Tukatafuta kitu kingine. Reli ya Ndevu ilikuwa mbali, na nzito. Mzee Arap Lelei, aliyekuja kula na kutazama kazi ile ambayo maksai wake angeikataa, akaondoka kimya akarudi na kengele ya Sitima.

Basi mimi, refarii wa miaka sita, nilichezesha mechi nikiwa na kengele ya ng'ombe mkononi. Kila nikikimbia inalia. Kila ikilia wa Miwani wanasimama. Ikabidi nikimbie nimeushika ulimi wake kwa vidole, kama mtu anayemzuia mtoto kusema mbele ya wageni. Dakika ya ishirini Sitima mwenyewe aliisikia, akaacha majani, akaingia uwanjani na kunifuata nyuma nyuma kutoka goli hili mpaka lile. Watu walianguka chini kwa kicheko. Arap Lelei aliita, "Mwache, anajifunza kazi!"

Ndevu walishinda. Tatu kwa moja, na Wafula alifunga mawili ya haki kabisa, moja la mbali ambalo Kibet aliligusa kwa ncha za vidole na halikukubali kuzuiwa.

Mwisho nilimwendea Kibet na karatasi mpya. Nilidhani atanilaumu: nimemrudisha uwanjani afungwe zaidi. Akachovya dole, akalikandamiza barabara, akalitazama.

"Leo nimefungwa," akasema. "Jana nilikuwa nimeibiwa tu. Asante, Mzee."

Nimepewa mikono na Wazungu katika mji huu, na chifu aliwahi kuketi dukani kwangu. Hakuna asante iliyoingia kama ile.

Kurudi

Jumatatu Arap Lelei alinirudisha stesheni, barabara imekauka, hatukukwama hata mara moja, na nilikaa mbele. Tiketi yangu ya zamani ilikuwa imepitwa na siku, nikanunua nyingine. Treni ilifika kwa saa yake, jambo ambalo mtu mwingine lingemshangaza.

Zakayo aliichukua karatasi akaigeuza pande zote mbili.

"Madole mawili. Hakuna malalamiko. Miaka miwili nimeitafuta hii." Halafu akasema, "Lakini umechelewa, Fundi. Festo alichezesha vizuri."

"Nimesikia."

Nilikwenda kwa Festo mwenyewe. Nilimwomba anisomee kitabuni habari ya firimbi iliyopigwa na mtu asiye refarii. Akatafuta, akasoma, akanifasiria: ikiwachanganya wachezaji, refarii asimamishe mchezo na audondoshe mpira aanze upya. Yaani lile halikuwa goli hata kwa Kiingereza. Nililijua kichwani kabla hajafungua ukurasa, ila nilichelewa saa moja. Festo akaniuliza kama angeweza kuja nami safari nyingine, hajawahi kuona huko. Mtu mwema, yule. Miaka sita sikujua.

Na mwaka ujao nimepangiwa tayari: Ainabkoi. Mashamba yote mawili yameniita kwa jina. Mke wangu aliponiona sichukui nyundo, aliniuliza kama naumwa.

Mnaoniuliza nimefaidi nini, hesabu ninayo. Kondoo wa Barasa, shilingi saba. Viazi na chumvi, moja na nusu. Tiketi ya pili, moja na senti kumi na tano. Toa shilingi mbili za kazi yangu, ambazo nililipwa zote. Goli moja lisilo goli limenigharimu shilingi saba na senti sitini na tano.